Jaketi la Baharini: Lipindue Kwanza, Pesa Baadaye

Kila kusi ikishika, malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu ametoka soko la mitumba la Kongowea, hapa Mombasa, na jaketi zuri la baharini, jina kubwa kifuani, zipu nzima, rangi haijapauka. Siku ya kwanza kulivaa nje ya mlango wa Mtwapa anarudi na magamba meupe mabegani na fulana imelowa chapa. Anaapa ameuziwa bandia. Mara nyingi jaketi lilikuwa halisi kabisa, ila limeshakufa kwa ndani.

Watu huuliza rangi na mifuko. Huuliza pia ile namba kwenye lebo, milimita 10,000 au 20,000. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kilistahimili kilipopimwa kikiwa kipya; kuhusu hali yake leo haikwambii kitu. Majaketi mengi huzuia maji kwa utando mwembamba wa poliurethani uliopakwa upande wa ndani. Unyevu wa hewa huumega utando huo kidogo kidogo na joto huharakisha, hata jaketi likiwa kabatini bila kuvaliwa. Sasa waza safari ya mtumba: umekandamizwa ndani ya bale, umekaa kwenye kontena juani, kisha ukaning'inizwa chini ya mabati ya kibanda. Na jaketi lenyewe huenda lilishazeeka kabla halijaondoka Ulaya.

Kwa hiyo lipindue, ndani iwe nje. Ikiwa lina bitana ya wavu, ingiza mkono chini yake. Sugua kwa kidole gumba mabegani, shingoni na ndani ya kofia. Likinata, likitoa unga au likinuka uchachu, lirudishe kwenye henga. Kisha tazama tepu ya mishono, ule ukanda uliobandikwa kuziba matundu ya sindano. Uguse ukingo wake kwa ukucha, hasa kwapani, ambako jasho huuanza mapema. Tepu iliyoachia fundi anaweza kuibandika upya kwa joto, mradi utando ulio chini yake ni mzima. Utando wenyewe ukibabuka hauna dawa.

Kwa bahari yetu mimi naanza na Guy Cotten, wala sifichi upendeleo wangu. Ni kampuni ya Ufaransa, ilianza 1964 huko Concarneau, mji wa wavuvi, na wavuvi ndio waliolijenga jina lake. Koti lake la kuvulia limefunikwa kwa PVC, plastiki nzito, na PVC haimegwi na unyevu kama poliurethani. Najua pingamizi: halipumui, utaoga jasho. Jasho lipo kweli. Lakini jaketi linalopumua hufanya kazi pale tu ndani yake panapokuwa na mvuke mwingi kuliko nje. Kwenye bahari ya baridi tofauti hiyo ni kubwa. Hapa Mei, mvua ya masika imefunga na hewa imeshiba maji, huo mvuke wa jasho uende wapi? Unalipia pesa nyingi kwa sifa ambayo Mombasa inafanya kazi nusunusu. Bora koti pana linalopitisha upepo shingoni na kiunoni, ulifungue mvua ikikatika. Kwa nahodha anayekesha kwenye mashua usiku wa Julai, manyunyu ya kusi yakimpiga ubavuni, silioni koti linaloshinda hilo. Taabu yake ni kwamba hulipati kirahisi mjini, wengi huliagiza, na ni zito.

Uzito huo ndio unaoipa kampuni ya Musto nafasi ya pili, na kwa vijana wa mashindano ya matanga, wanaoruka upande huu na huu wa chombo, naipa ya kwanza. Mwanzilishi wake, Keith Musto, alishinda medali ya fedha ya mashua kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964. Makoti yake ya HPX hutumia Gore-Tex, kitambaa kinachozuia maji huku kikipumua, ya tabaka tatu zilizogandishwa pamoja, kwa hiyo utando haukai wazi kusuguliwa na jasho na mafuta ya ngozi. Jipya bei yake inachoma. Ukilikuta mtumbani na likapita mtihani wa kidole gumba, usiliache.

Helly Hansen ya Norway, iliyoanza 1877, pamoja na Gill na Henri Lloyd, naziweka nyuma yake. Zina makoti ya kila daraja, na yale mepesi yaliyopakwa utando tu ndiyo hufia hapa pwani. Pima kila moja kivyake.

Makoti ya bei rahisi ya bodaboda yatakuvusha feri ya Likoni. Bahari si kazi yake.

Ukishanunua, suuza chumvi kila ukitoka majini, kwa maji matamu. Visima vingi vya hapa ni vya chumvi na havitakusaidia. Kinga maji ya mvua. Tumia sabuni laini, usitie ya unga wala dawa ya kulainisha nguo. Anika kivulini, upande wa ndani kwanza, na usilikunje likiwa bichi kwenye mfuko wa plastiki. PVC iweke mbali na petroli na dizeli, huikausha hadi ikapasuka.

Kinachonikera zaidi ni bei. Bale likifunguliwa, nguo hupangwa kwa macho: isiyotoboka ni kamera, iliyochakaa ni fagia. Jaketi lililooza ndani linapanda hadi kamera kwa ajili ya jina la kifuani, na mteja akianza kulipindua anaambiwa anaharibu biashara. Madukani nako kuna kibao, mali ikiuzwa hairudishwi, ilhali Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamdai muuzaji bidhaa yenye ubora unaofaa, na kibao hakiwezi kuifuta. Wauzaji wa Kongowea nawaomba jambo moja: majaketi ya baharini yaning'inizeni yakiwa yamepinduliwa, bitana nje, tuyaone kabla ya kutajiwa bei.