Mlima Kenya siku tano, kupanda Sirimon kushuka Chogoria (uzoefu wangu)

Nimerudi Mombasa wiki iliyopita na magoti bado yanauma, ila wacha niandike kabla sijasahau, manake nilipokuwa naulizia hii safari kila mtu aliniambia kilele cha Lenana, kile wanachofika watembeaji wa kawaida, ni siku tatu tu, unaenda unarudi. Msikubali jamani. Mimi nililipia siku tano na ile siku ya kupumzika katikati ndo ilonifikisha juu, mtu wa pwani kama mimi ambaye nyumbani kwangu na bahari ni hatua chache.

Njia ya Sirimon iko upande wa Nanyuki, upande mkavu, na inapanda taratibu. Siku ya kwanza ni barabara tu kutoka getini mpaka kambi ya Old Moses, kama mita 3,300, hakuna la kusimulia. Ya pili ndo ndefu, unavuka bonde la Likii unaingia bonde la Mackinder, afu ghafla vilele viko mbele yako, Batian mita 5,199 na Nelion 5,188, na wewe bado una masaa ya kutembea na kila ukitazama ni kama havisogei.

Tulilala kambi ya Shipton's, mita 4,200, na kesho yake hatukwenda popote zaidi ya kupanda kidogo na kurudi kambini. Hapo ndo nilipojua thamani ya kiongozi wetu, mzee mmoja wa kule Chogoria. Asubuhi alinipeleka kwenye mmea wa lobelia, ile ya chini iliyojikunja kama kabichi kubwa, ina maji katikati na juu yameganda barafu nyembamba kama kioo cha chemli. Akaniambia, "Dada, bonyeza." Nikabonyeza, ikavunjika tik, na chini yake maji ni maji kabisa hayajaganda, yaani ule mmea unatumia barafu kama blanketi ya kukinga kichipukizi chake. Nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Afu akanieleza mlima wenyewe. Mimi siku zote nilidhani zile ncha ni ukingo wa kreta kama Kibo ya Kilimanjaro, kumbe sivyo. Hii volkano ilizima miaka kama milioni 3 iliyopita na ilikuwa ndefu kuliko sasa, ule uji wa moto uligandia kooni mwake ukawa mwamba mgumu sana, barafu za zamani zikasaga sehemu laini za pembeni, koo ndo likabaki limesimama peke yake. Baada ya kusikia hivyo sikuweza tena kuitazama Batian kama kilima cha kawaida. Na huko hupandi bila kamba na ujuzi, Mwingereza Mackinder ndo wa kwanza kufika Batian 1899, Nelion ikangoja mpaka 1929 walipokuja wapandaji Shipton na Wyn-Harris. Tena kwa sababu mlima uko ikweta, wapanda miamba wanafuata jua, katikati ya mwaka wanapanda uso wa kaskazini, Januari na Februari wanahamia kusini.

Sasa lawama yangu. Jina la kampuni sitalitaja, lakini mfuko wa kulalia walionikodisha zipu ilikuwa imekufa, na niligundua usiku wa kwanza baridi ishaingia. Mzee alinijazia chupa maji ya moto kila usiku nikawa nalala nimeikumbatia. Fungueni kila kitu mjini mkague kabla hamjalipa, na taa ya kichwa pia.

Kwenda kileleni tuliondoka saa tisa usiku, changarawe unapiga hatua moja inakurudisha nusu, mwisho kuna vyuma vimepigiliwa mwambani unashika unapanda. Lenana mita 4,985, jua likatoka tukiwa juu, nikalia. Chini yetu barafu ya Lewis, na hapo furaha ikapungua, ni kipande cha kijivu tu kilichobaki mwambani na mzee anasema alipoanza kazi ilikuwa kubwa mno.

Jamaa tuliokutana nao juu walipandia njia ya Naro Moru, fupi kweli ila ina yale matope wanayoita Vertical Bog na suruali zao zilisema yote.

Kushuka Chogoria ndo pesa yangu ilipokwenda vizuri. Unapita vidimbwi vya Hall Tarns, unafika ukingoni kwenye genge wanaloita Temple, unachungulia chini kabisa unaliona Ziwa Michaelson limetulia, kuta za bonde zimekatwa na barafu ya kale pande zote mbili. Sote tulinyamaza, hata wapagazi waliopita pale mara mia wakatua mizigo. Magoti yataumia, ni mteremko mrefu, bebeni fimbo mbili si moja. Mimi nilibeba moja.