Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa baba mkubwa kwenye makazi ya wazee, Mwanza

Kila mtu akiulizia vituo vya wazee huku Mwanza anajibiwa "mzee hatupwi". Nami niliambiwa hivyo hivyo. Shangazi yangu alikaa miezi 3 hapokei simu zangu. Basi nieleze nilichokiona, maana baba mkubwa ametimiza mwaka kwenye kituo kidogo cha masista nje kidogo ya jiji. Jina silitaji. Nina lawama zangu humu, na mzee bado anaishi pale.

Ya haraka kwanza. Tunachangia 150,000 kwa mwezi, dawa juu yetu. (Makazi ya serikali ni ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza, kwa hiyo huko hatukuwa na sifa.) Chumba kina vitanda 6, vyandarua vizima, choo hakiko mbali. Chakula ni ugali, dagaa, mchicha. Sato mpaka sikukuu. Simu ya ofisi ikishafika saa 10 jioni haipokelewi, hata uite mpaka chaji iishe.

Sasa lawama. Siku tuliyompeleka walijaza fomu: jina, umri, kijiji, dini, ugonjwa, ndugu wa karibu. Kwenye kazi wakaandika "mkulima". Nani Usukumani hajawahi kulima? Ila kosa ni langu pia, niliyekuwa namjibia ni mimi. Ukweli ni kwamba baba mkubwa alimalizia nguvu zake kwenye kinu cha kuchambua pamba, enzi za Nyanza, chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Nilijua hilo, lakini sikuona kama lina maana kwenye fomu.

Kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Mwezi wake wa pili pale kituoni akawa anaamka saa 10 usiku, anapapasa viatu, anaelekea getini. Wahudumu wakasema anatoroka, wakaanza kufunga mlango kwa komeo la nje. Aliugonga mpaka vidole vikavimba. Nikapigiwa simu: nilete dawa ya kumtuliza au nije nimchukue.

Aliyetuokoa ni mzee wa kitanda cha jirani, aliyewahi kuwa baharia kwenye meli za Nansio. Hao wawili hushinda kwenye bao. Akamwambia mhudumu, "Huyu hatoroki. Mwezi wa sita huu, kinu kimewashwa, anawahi zamu." Na kweli, msimu wa pamba hufunguliwa Mei, kisha vinu vinaanza kuunguruma. "Mwambie zamu yake imehamishiwa mchana." Usiku huo mhudumu akamwambia hivyo. Baba mkubwa akauliza ni nani kaihamisha. Akajibiwa mnyapara. Akamtukana mnyapara kidogo, akavua viatu, akalala.

Tangu hapo mchana anapewa mashuka yaliyoanikwa ayakunje. Hayakunji, anayafunga kama robota la pamba: anayashindilia kwa goti, anazungusha kamba, anapigapiga juu kwa kiganja. Yanatoka yamejikunja vibaya sana. Sista mmoja alitaka kuyarudia, wenzake wakamzuia.

Ukitaka kukijua kituo kile usiende Jumamosi. Jumamosi ni ya vikundi: sabuni, sukari, picha, kwaheri. Sabuni wanazo za kuogea mpaka mwakani. Nenda siku ya kazi baada ya chakula cha mchana, ukae barazani, unyamaze. Kuna bibi mmoja ana macho mekundu, ya kupikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Macho hayo yamewaponza vikongwe wengi huku kwetu. Watu huyaona wakaanza kunong'ona uchawi. Alipoonywa kwamba zamu yake ya kuuawa imekaribia, alitoka kijijini usiku na kuku mmoja kwapani. Anaisimulia hiyo akichambua maharage, na akifika kwenye vichaka nyuma ya boma, baraza lote linamalizia: "Na kuku akanyamaza!" Halafu wanacheka, yeye akiwa wa kwanza. Mara ya kwanza nilishindwa kucheka. Siku hizi naitikia nao.

Si kila siku ni ya kicheko. Tarehe 21 Mei baharia hagusi kete. Ndiyo siku MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na zaidi ya watu 800 wakapotea karibu kabisa na kufika Mwanza. Alikaa ameelekeza kiti upande wa ziwa, na baba mkubwa akakaa pembeni yake, sijui kama alijua kwa nini.

Kwa nyota: ofisi naipa 3, baraza nalipa 5. Fomu nimeomba ijazwe upya, wameniahidi, bado.

Jumapili iliyopita nilifika na maziwa mgando. Baba mkubwa akanipokea vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akaniuliza nimetumwa na nani. Kabla sijajibu, baharia akanyanyua uso kutoka kwenye bao. "Huyu si mtoto wa mdogo wako? Yule aliyekuwa anakuletea uji kwenye kidumu pale getini, akimwaga nusu njiani."

Baba mkubwa akanitazama miguuni, kama anayetafuta uji uliomwagika. Mimi hicho kidumu nilikuwa nimekisahau kabisa.