Himalayan 411 kwa safari ya wawili: itafika Cape Town ikitoka Malindi?

Pikipiki ya Royal Enfield Himalayan ya cc 411 itawabeba mtu na mkewe kutoka Malindi hadi Cape Town. Umbali hauishindi. Kinachoishinda ni mzigo wa nyuma, na huo anaupanga mwenye pikipiki mwenyewe.

Injini haina maneno mengi: silinda moja, hupozwa kwa hewa na oili, nguvu za farasi 24 na kidogo. Mkiwa wawili na mabegi, tembeeni kilomita 80 kwa saa, 90 barabara ikinyooka. Kulipita lori mlimani kunataka subira. Tena ukishapanda kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na injini imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Tangi ni la lita 15. Ukijaza kila kilomita 300 hutalala njiani. Ile ya cc 450 iliyotoka mwishoni mwa 2023 ina farasi 40, lakini ina radieta, na radieta ikitobolewa na jiwe si kazi ya kila fundi wa boda.

Shida ya kweli ni springi ya nyuma. Pikipiki ina karibu kilo 200. Weka dereva wa kilo 75, mwenzake wa 60 na mabegi ya 35, umeongeza kilo 170, nyingi zikiwa juu ya gurudumu la nyuma. Dalili utaiona usiku: taa inamulika matawi ya miembe badala ya barabara, na usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Pima hivi. Inua gurudumu la nyuma lisiguse chini, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye kava. Kisha kaeni wote wawili na mabegi yote, pima tena. Gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita 180, kwa hiyo pikipiki ikizama 60 ni sawa. Ikizama 90, fundi atakukazia ile pete ya springi na utadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha: kukaza pete huinua tu pikipiki, hakuongezi ugumu wa springi. Nunua springi nzito zaidi kabla ya kununua kitu kingine chochote, hata kabla ya yale masanduku ya alumini yanayopendeza kwenye picha. Masanduku yenyewe, matupu, ni kilo nyingi zilizopotea bure. Mifuko laini ya turubai isiyopenya maji inatosha. Spana, tyubu na maji viende kwenye vyuma vya ubavuni mwa tangi, vipande viwili vyenye uzito sawa.

Spoki nazo huumia kwa mzigo huo huo. Zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kopo bovu. Tairi la mbele ni inchi 21, la nyuma 17, yote ya tyubu. Usitegemee kuzipata saizi hizo kwenye vibanda vya boda, kwa hiyo beba tyubu mbili za kila saizi. Mnyororo wa boda pia hauingii. Rekebisha ulegevu wa mnyororo wako mkiwa mmepakia mzigo, kwa sababu ukikazwa pikipiki ikiwa tupu, mkikaa utavutika na kula beringi ya giaboksi.

Halafu chumvi. Mwaka 2020 Royal Enfield iliita pikipiki zake, Himalayan zikiwemo, zirudi gereji Uingereza, Ulaya na Korea Kusini, kwa kuwa kaliper za breki, yaani vile vyuma vinavyobana padi, zililiwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Sisi wa pwani chumvi hatumwagiwi, inatufuata ndani ya nyumba kusi ikivuma. Kila mwezi fungua kaliper, safisha pini zake, paka grisi ya breki kwenye pini tu, isifike kwenye padi. Osha kwa maji ya mfereji. Visima vingi vya huku vina chumvi yake.

Makaratasi ya njia ya kusini si mazito. Kadi ya njano ya bima ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, inafanya kazi Tanzania, Malawi na Zambia, lakini haifanyi kazi Botswana wala Afrika Kusini. Huko fidia ya majeruhi hutokana na tozo ya mafuta, na gari la watu ukiligonga ni juu yako. Kaskazini kupitia Sudan kumefungwa na vita tangu Aprili 2023, na Misri inadai carnet, hati ya forodha ya kuingiza chombo nchini kwa muda.

Kabla ya kuondoka, pakieni kila kitu mwende Garsen na kurudi siku moja. Mkifika nyumbani, kabla ya chai, shika kila nati ya keria kwa vidole. Inayozunguka, itie gundi ya nati.