Kabambe ya 1,500 baada ya miaka ya uadmini wa grupu la mtaa: naipa nyota 4

Hii ni rivyu ya simu ya vibonyezo, kabambe ya kawaida kabisa, laini mbili, tochi na redio. Nimeinunua shilingi 1,500 duka moja hapa Lamu, njia ya Usita wa Mui (mui kwetu ndio mji), na najua kuna atakaeuliza siku hizi nani asoma rivyu ya kabambe. Ngojeni kwanza nieleze kilichonipeleka dukani, manake bila hicho hamtaelewa kwa nini nimeipenda hivi.

Mi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu Langoni tangu 2020. Tulianza watu thalathini wa nyumba za karibu, korona imeingia, twaulizana tu nani ana mgonjwa, nani aenda sokoni amchukulie mwenzake. Sasa 2022 WhatsApp wakapandisha idadi ya watu kwenye grupu moja, kutoka 256 mpaka 512 halafu mwaka huohuo 1,024, nasi tukafurahi tukaongeza watu, wa Mkomani, wa Shela, waliohamia Mombasa, walioko Arabuni, mpaka tukapita mia sita. Hakuna aliekaa akafikiria mia sita ni ugomvi kiasi gani wa kuamua. Tuliachiwa mimi na ami mmoja mtu mzima, na yeye akiona maneno yamekua makali azima data alale zake.

Mwaka huohuo ndio wa uchaguzi wa Agosti. Sitaki hata kukumbuka. Watu walioshiba mahamri nyumba moja toka utotoni waliitana majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kila mmoja anijia inboksi na skrinshoti zake, admini waona? admini umenyamaza? ama na wewe ni wa upande ule?

Mtu ambae hajawahi kua admini hudhani una rungu. Ni kweli tangu 2022 admini aweza kufuta meseji ya mtu yeyote, lakini ukifuta, pale pale panabaki maandishi kwamba imefutwa na admini na jina lako laonekana, basi ugomvi waacha wale wawili wahamia kwako. Ukilifunga grupu waandike maadmini peke yao, watu wote mia sita waja inboksi. Na ukimtoa mtu ndio balaa, manake huu mui ni mdogo, ukimtoa usiku asubuhi mwakutana njiani, na njia zetu mwazijua, akipita punda wa mchanga lazima mmoja arudi nyuma. Kuna mama nilimtoa tukakutana msibani, nikampa mkono akaangalia upande.

Kilichonimaliza ni voisi moja ya usiku, ati boti imezama ikitoka Mokowe, kule bara ng'ambo. WhatsApp wameweka kizuizi tangu 2020, meseji iliyozungushwa sana yafowadiwa sehemu moja kwa mara moja, lakini kwa grupu la mia sita mara moja yatosha kabisa! Wamama walilia, kuna mzee alishuka forodhani na fulana ya ndani. Nikapiga simu Mokowe, hakuna boti iliyozama, voisi ilikua ya zamani na wala si ya huku. Kurudi kwenye grupu nakuta wanigombeza mimi kwa nini nimechelewa kuifuta. Ilikua saa nane usiku.

Baada ya hapo nikisikia tu mlio wa meseji moyo waruka. Naamka kabla ya alfajiri kabla hata ya kutawadha nshashika simu. Mwanangu aniuliza kitu namfokea. Bwanangu ndie aliesema hii si hali. Akanikumbusha wale waliokua wakichuja picha na video za Facebook pale Nairobi, Daniel Motaung alieshtaki mahakamani 2022, na wenzake zaidi ya mia na themanini walioshtaki 2023, wakisema kazi ile imewaumiza akili. Silinganishi, wale waliona mambo ya kutisha na wakiona kutwa nzima kwa mshahara mdogo. Lakini nilifarijika kujua kwamba kusoma ubaya wa watu kila siku kwamchosha binadamu, si kwamba mimi ni dhaifu.

Haya, simu sasa. Laini yangu nimeitoa kwenye smatfoni nikaitia kwenye kabambe. WhatsApp imebaki kule kwenye ile kubwa nyumbani kwenye waifai, haikufa, na ikiomba namba ya kuthibitisha yaja kwa SMS kwenye kabambe. Baada ya isha natoka na kabambe peke yake. Chaji yakaa siku nne mpaka tano. Tochi yake stima ikikatika yatosha vichochoro vyote mpaka mlangoni. M-Pesa yafanya kazi vilevile. Imeanguka ngazi za mawe mara mbili, nimeokota betri nikarudisha, basi.

Ila niseme ukweli, ningeinunua bila kutengeneza mambo kwanza ningekaa na wasiwasi vilevile. Tuliongeza maadmini wanne, wawili wanawake, kila mmoja ana usiku wake. Grupu lafungwa baada ya isha mpaka asubuhi, lapita tangazo la msiba au mgonjwa peke yake. Wanaotukanana watolewa wote wawili mpaka kesho yake baada ya adhuhuri, haulizwi nani alianza. Hata dakani wazee wakibishana kuna wakati wainuka kwenye baraza waende wakalale, na hapo mtu amuona mwenzake usoni. Grupu letu halikua na wakati wa kulala, na mimi ndio nilikua nakesha nalo.

Nyota moja nimeitoa kwa haya. SMS zajaa haraka, lazima ufute kila mara. Kuandika Kiswahili kwa vile vibonyezo ni kazi, zima yale maneno inayojibunia yenyewe. Mwalimu wa mwanangu hutuma homuweki kwa WhatsApp, kwa hivyo yanilazimu kuiona kabla ya magharibi. Na spika yapiga kelele sana, msikitini ama hitimani iweke kimya mapema.

Mkinunua, fungueni kifuniko cha nyuma palepale dukani muangalie betri haijavimba, ya kwanza niliyopewa ilikua imevimba wakanibadilishia. Na chaja ni ile ya pini ndogo ya zamani, za smatfoni mpya haziingii, kwa hivyo ile ya kwenye boksi msiitupe.