Kigodoro cha mtoto chenye neti ya mwavuli: chukua neti, mto uache

Kila anayepita Kariakoo kutafuta vitu vya mtoto ameiona seti hii: kigodoro cha katuni, mto mdogo na neti inayofunguka kama mwavuli, vyote kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Wauzaji husema ni kila kitu anachohitaji mtoto mchanga kulala. Kwa kweli kinachostahili hela yako ni neti peke yake, na hata hiyo ni ya mchana.

Mto ndio wenye hatari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa shingo yake. Ukikiinua, kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inabanwa. Ule wenye shimo katikati, unaosifiwa kwamba unaumba kichwa, usikudanganye. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya wazazi wasiutumie. Ukitaka kichwa kisibonyee upande mmoja, badilisha upande anaotazama kila unapomlaza, na akiwa macho mweke kifudifudi kidogo ukiwa naye hapo hapo.

Kigodoro kipime kabla hujalipa. Kandamiza katikati kwa kiganja, hesabu hadi tano, achia. Vingi vimejazwa pamba laini ya polista, na alama ya kiganja inabaki palepale. Ndimo pua ya mtoto itakapozama akigeuka. Ni bora muuza magodoro akukatie sponji ngumu ya inchi 3 kwa kipimo cha neti yako, utandike shuka lililobana, basi. Mtoto alale chali, bila mto, bila blanketi la manyoya, bila mwanasesere.

Sasa neti. Ifungue na kuifunga mara tatu ukiwa dukani, ukitazama vikofia vya plastiki kwenye ncha za njiti. Kikofia kikilegea njiti inachomoka, neti inamlalia mtoto usoni, na mbu anauma kutokea nje pale ngozi inapogusa wavu. Pitisha kidole kwenye lastiki ya ukingo pia: ikiwa imelegea, au ukiiweka juu ya godoro linalobonyea, inaacha mwanya wa kutosha mbu kuingia. Iweke pahali tambarare.

Nyingi ya neti hizi hazina dawa. Kwa hiyo usiku mtoto alale ndani ya chandarua kikubwa chenye dawa, kama kile ambacho wajawazito hupewa kliniki, kwenye kitanda chake kidogo kando ya mama. Kuweka mwavuli juu ya kitanda cha wazazi siyo suluhisho. Mtu mzima akijigeuza usingizini, njiti hazimzuii.

Mgawanyo huo wa mchana na usiku unamsaidia mtoto kuliko watu wanavyodhani. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, vipande vipande, na saa ya mwili wake haijui usiku ni nini kwa wiki nyingi za mwanzo. Mchana mlaze kwenye neti ya mwavuli sebuleni, penye mwanga na sauti za kawaida za nyumba. Usiku ni gizani: mnyonyeshe kwa taa hafifu, mcheulishe, mrudishe bila mazungumzo. Usimtafutie ratiba ya saa wala kumnyima ziwa la usiku; tumbo lake dogo linamwamsha kila saa 2 au 3, na ni haki yake.

Neti ina faida nyingine: unamwona. Mtoto akiguna, akijinyoosha na kukunja uso, mara nyingi bado yumo usingizini. Subiri kidogo kabla ya kumnyanyua. Akianza kunyonya mkono na kuzungusha kichwa akitafuta ziwa, hapo mchukue, usingoje alie.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni kutupia kanga juu ya neti ili kumkinga na mwanga. Hewa inapungua, joto linapanda, na joto la Dar linatosha bila kuongezwa. Gusa shingo yake kwa nyuma. Ikiwa na jasho, mpunguze nguo. Kanga itumie kumviringishia mikono isimshtue, lakini nyonga na miguu ibaki na nafasi ya kujikunja kama ya chura, na uiache kabisa siku atakapoanza kujaribu kujigeuza.

Siku hiyohiyo neti ya mwavuli nayo ikunjwe. Mtoto anayejigeuza huivuta, na njiti zikimwangukia hana nguvu ya kuzisukuma.