TAHADHARI: Mnaokwenda Roma, samaki wa mgahawani anapigiwa bei kwa gramu 100, msikubali kabla hajapimwa

Jamani naandika hii bado nina hasira, yametukuta Jumamosi hii hii iliyopita. Najua Wabongo na Wakenya wengi mnaokaa huku Ujerumani mnapanga kushuka Roma msimu huu wa joto kwa hiyo someni kabla hamjaenda, hela yenyewe huku inatafutwa kwa tabu.

Tulikuwa wanne, mimi, shoga yangu na mume wake, na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Dar. Asubuhi tukaanzia Colosseo, ule uwanja wa kale wa Warumi. Ukitoka tu stesheni ya metro unaliona lile jengo mbele yako, limefunguliwa mwaka 80 na bado limesimama, binamu alibaki ameshika kichwa. Sasa hapo hapo akaja mkaka mmoja mweusi mwenzetu, mchangamfu, "Hakuna matata! Africa!", akamgongea binamu tano, na mtu ukiwa ugenini ukasikia lugha yako moyo unafunguka wenyewe, kufumba na kufumbua kafungwa bangili ya nyuzi mkononi. Eti "zawadi, mke wangu kajifungua". Tulivyopiga hatua mbili zawadi ikaanza kudaiwa hela, na sarafu hataki, anataka noti. Binamu akatoa euro 10. Mi sina nia ya kuwasema vibaya wale vijana, wengi wamefika Ulaya kwa shida kubwa, ukitaka kumpa mtu mpe kwa hiari yako, ila mikono iweke mfukoni na salamu ijibu huku unatembea.

Pale pale kuna wengine wanatembea na vitambulisho shingoni wanakwambia tiketi zimeisha, foleni masaa matatu, njoo kwangu. Bei halisi ni euro 18 kwenye tovuti ya Colosseo yenyewe, na hiyo hiyo inakuingiza Foro Romano na Palatino, magofu ya kale yaliyo jirani. Tangu mwisho wa 2023 tiketi inaandikwa jina na mlangoni wanacheki pasi au kitambulisho, kwa hiyo mtu akikuuzia barabarani tiketi isiyo na jina lako usijisumbue hata kumsikiliza.

Hayo tuliyavuka. Kilichotuumiza ni chakula.

Tumetembea mpaka chemchemi ya Trevi, tumetupa sarafu zetu (zile angalau zinakusanywa zinaenda Caritas, shirika la misaada la Wakatoliki, kwa ajili ya maskini), njaa imetushika, saa nane mchana jua kali, na kwenye kichochoro cha kuelekea Pantheon, lile hekalu la kale, kuna mgahawa, weita kasimama nje na menyu yenye mapicha anatuita kwa Kiingereza kitamu, kivuli kipo, feni ipo, tukakaa. Mimi na shoga yangu tukaagiza tambi, euro 14 sahani moja. Shemeji na binamu wakauliza samaki. Weita akaenda ndani akarudi na sinia, spigola (aina ya samaki wa baharini) mzima mkubwa anang'aa, akasema katoka baharini leo asubuhi, anawatosha watu wawili. Kwenye menyu imeandikwa 8,00. Sisi tukaona euro 8, kumi na sita kwa wawili, hata tukaambiana Roma siyo ghali kama wanavyosema.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Pembeni ya ile 8,00 kuna herufi ndogo sana "l'etto". Etto kwa Kitaliano ni gramu 100. Pengine wanaandika "hg", ni kitu kile kile. Yule samaki walisema alikuwa na kilo 1.6, yani etto 16, piga mara 8 unapata euro 128. Samaki mmoja! Na hatukumuona kwenye mzani hata sekunde, alivyorudi kutoka jikoni keshachomwa na keshapasuliwa, utabisha nini.

Bili ikaja imeandikwa kwa mkono kwenye kikaratasi. Samaki 128, tambi 28, mkate 12 yani euro 3 kila kichwa na hatukuuomba uliwekwa tu mezani, maji chupa mbili 10, halafu sinia la vitu vya kuanzia 24 ambalo weita alilileta anatabasamu sisi tukadhani ni ukarimu wa nyumba. Juu yake servizio, hela ya huduma, asilimia 15. Jumla euro 232.30, zaidi ya laki sita za Tanzania kwa mlo mmoja wa mchana, na kwenye mashine ya kadi bado anauliza bakshishi.

Shemeji ni mpole lakini siku ile alisimama. Akaomba menyu irudishwe, akaipiga picha, akasema lile sinia hatukuagiza na tunataka scontrino, ile risiti halali ya mashine, hiki kikaratasi hatulipii. Kusikia scontrino sura ya weita ikabadilika, meneja akaja, lile sinia likatolewa na servizio ikapungua, tukalipa 204.70. Samaki hatukuwa na la kufanya maana alishaliwa na bei yake ilikuwa imeandikwa, hata kama imefichwa.

Siyo sisi wa kwanza. 2019 magazeti ya huko yaliandika habari ya Wajapani wawili waliopigwa euro 429.80 kwa tambi za samaki karibu na ngome ya Castel Sant'Angelo, na ndani yake bakshishi peke yake ilikuwa 80.

Kuuza kwa etto kwenyewe siyo wizi, ndo utaratibu wao Waitaliano. Jioni tulienda mtaa wa Testaccio, pizza ya kukata wanakuuliza kipande kiishie wapi, wanakata, wanaweka kwenye mzani mbele yako unaona bei ndo unalipa, tumeshiba wote wanne na supplì juu, ile mipira ya wali yenye jibini ndani, hata euro 40 hazijafika. Kwa hiyo samaki muulize "quanto pesa?", ana uzito gani, na muombe apimwe mkiwa mnaona, na bei yote mtajiwe kabla hajaenda motoni. Mkate msioutaka urudisheni kabla hamjaugusa. Mkoa wa Lazio ulipiga marufuku ile hela ya kukaa mezani wanayoita coperto tangu 2006, ndo maana wengi sasa wanaiandika "pane". Maji msinunue barabarani, mabomba ya chuma wanayaita nasoni yapo kila kona, maji ya baridi, safi, bure. Na mkikataliwa risiti, Guardia di Finanza, polisi wa mambo ya kodi na fedha, namba yao ni 117.

Jina la mgahawa siliweki hapa. Ila picha ya ile menyu ninayo, mwenye safari aniandikie nimtumie aone hiyo "l'etto" ilivyo ndogo, maana hata ukikuza picha unaitafuta.