Casio fx-991ES PLUS kwenye pemutesheni na kombinesheni

Kwa anayeanza takwimu, kalkuleta hii inatosha kabisa. Mada nzima ya kuhesabu njia inabebwa na vitufe vitatu: SHIFT na × huleta P ya pemutesheni (kuchagua kwa kujali mpangilio), SHIFT na ÷ huleta C ya kombinesheni (kuchagua bila kujali mpangilio), SHIFT na x⁻¹ huleta ! ya faktoriali (namba ikizidishwa na zote zilizo chini yake hadi 1, kama 3! = 3×2×1).

Chukua kamati ya harusi yenye watu 10. Ukitaka mwenyekiti, katibu na mweka hazina, bonyeza 10, SHIFT, ×, 3, =. Utapata 720. Ukitaka watatu tu wa kwenda kukagua ukumbi, bila vyeo, ni 10C3, yaani 120. Ya kwanza ni mara 6 ya pili, kwa sababu watatu walewale wanaweza kugawana vyeo kwa njia 3! = 6. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kalkuleta haisaidii, maana haijui kama mpangilio unahesabika au la. Amua hilo kwanza kwenye karatasi.

Angalia pia mabano. Ukiandika 10!÷7!×3! unapata 4320 badala ya 120, kwani inagawanya kwanza, kisha inazidisha. Andika 10!÷(7!×3!).

Ninachokipenda zaidi ni majibu ya sehemu. Boksi lina balbu 12, mbovu 3, unatoa 2 kwa pamoja: uwezekano wa zote mbili kuwa mbovu ni 3C2÷12C2, na kioo kinaandika 1/22. Bonyeza S⇔D upate desimali. Anayeandika 3/12×3/12 amesahau kwamba balbu ya kwanza haikurudishwa.

Ikiandika Math ERROR kwenye 70! usidhani ni mbovu. Inaishia 69!, kwa kuwa jibu linalofika 10¹⁰⁰ haliingii. Kikomo hicho kinasumbua kwenye swali la siku za kuzaliwa: uwezekano kwamba katika kundi angalau wawili wamezaliwa siku moja ya mwaka. Kwa watu 23, 1−365P23÷365²³ inatoa takriban 0.507 bila shida. Kwa watu 40 inakwama. Ipasue vipande viwili: 1−(365P20÷365²⁰)×(345P20÷365²⁰). Kipande cha pili kinaanzia 345 kwa sababu siku 20 zimeshachukuliwa. Jibu ni kama 0.891.